Kitufe Kisicho na Jina

Kwa muda mrefu simu yangu ilikuwa ikiita asubuhi kabla maji ya chai hayajachemka, na kabla sijasema haloo sauti ya mwanamke ilikuwa inaniuliza, "Mume wangu, umeamka na nani leo?"

"Nimeamka na mto."

"Mto una uvumilivu. Haya, nisomee."

Huyo ni binamu yangu wa Mzenga, mtoto wa mjomba wangu. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani tangu wakiwa tumboni. Ananiita mume, namwita mke, ananitukana mbele za watu na hakuna anayekunja uso. Mume wake wa kweli alifariki akamwachia mikorosho, na presha ya macho ikamwingia baada ya hapo. Ilianza na jicho la kushoto, ikaenda polepole hadi akabaki na kitu anachokiita ukungu usioondoka. Alikuwa akinipigia nimsomee yaliyoandikwa kwenye tovuti ya chama chao cha msingi cha wakulima wa korosho: salfa ya kupulizia imefika ghalani au bado, mkutano umeitishwa au umeahirishwa, mnada ni lini. Nasoma, anasikiliza, ananitukana kidogo, anakata. Baada ya hapo nyumba yangu ya Tangini, hapa Kibaha, inanyamaza mpaka kesho yake.

Nikisema inanyamaza nina maana hiyo hiyo. Mke wangu wa ndoa alirudi kwao Morogoro na watoto. Hatukupigana, wala hakukuwa na mwanamke mwingine. Alisema amechoka kuishi na mgongo wa mtu, kwa sababu mimi uso wangu ulikuwa kwenye kompyuta na yeye alibaki kuuona mgongo. Wateja wangu wananiandikia meseji. Majirani wananisalimu wakipita, napokea, wanapita. Kwa hiyo ukiondoa adhana na kuku wa jirani, sauti iliyokuwa inaingia ndani ya nyumba yangu kwa ajili yangu mimi ilikuwa ya yule mwanamke wa Mzenga. Naliweka hili mapema ili msomaji ajue nilikuwa nashikilia nini.

Sasa, tovuti hiyo niliyokuwa namsomea niliitengeneza mimi mwenyewe.

Sijisifu, lakini mtu akiingia Kibaha leo akauliza nani anatengeneza tovuti, ataletwa mlangoni kwangu. Nimeishia darasa la saba. Nilianza kwa kutoa fotokopi za vyeti vya wenzangu waliokwenda mbele, na kwenye kile chumba cha fotokopi palikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na intaneti. Mwenye duka akitoka kwenda kuswali, mimi nafungua tovuti za watu naangalia maandishi yake ya ndani, yale yanayoifanya ikae vile ilivyo. Sikujua Kiingereza, na sasa hivi nakijua cha kuombea maji tu. Lakini nilijua kwamba nikiondoa neno hili picha inahama, nikirudisha inarudi. Nilijifunza kama mtu anavyojifunza njia za mjini, kwa kupotea. Leo shule zimo mikononi mwangu, ukumbi wa harusi umo, daktari wa meno yumo, kiwanda cha matofali kimo. Pangani ya hapa hapa Kibaha nina nyumba inasimama, marumaru zimeshawekwa sebuleni. Vijana wenye digrii wananipigia kuniuliza mambo. Sikubahatisha.

Ile ya korosho nilikuwa naiona ndiyo kazi yangu bora. Rangi yake ya kijani niliitafuta mpaka nikapata ile ya jani changa la mkorosho, siyo kijani cha plastiki. Picha za korosho zilikuwa zinapita taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Chini, kwenye fomu ya mwanachama kuombea salfa, niliweka kitufe kizuri chenye picha ya kindege cha karatasi. Mtu anajaza, anagusa kindege, ombi linaruka. Viongozi wa chama walipoiona walipiga makofi.

Ndipo asubuhi moja yule binamu akapiga na hakusema nimsomee.

"Leo pumzika," akaniambia. "Nimepata mke mwenza."

"Umempata wapi?"

"Kliniki ya macho. Nesi kaichukua simu yangu, kabonyezabonyeza, akatoka mwanamke. Anakaa humo ndani. Kila ninapogusa ananisomea. Meseji ananisomea, jina la anayenipigia ananisomea. Mwanamke mwenye adabu kabisa. Ila akifika kwenye tovuti yako anapandwa na pepo."

"Pepo gani?"

"La Kizungu. Sikiliza." Akaanza kumwiga, kwa sauti ya puani. "Solfa aimifaika galeinai. Karoushou. Wanachama wote anawaita wanachema. Mimi hapa nimekaa na jembe langu nadhani nimepigiwa simu kutoka Ulaya."

Nikamwambia simu yake mbovu.

"Ingekuwa mbovu ingeharibu na meseji. Meseji anasoma kama mwalimu wa Kiswahili. Ni kwako tu, mume wangu. Umemfanya nini mwenzangu?"

Nilikata simu nikiwa nimekasirika, maana sijazoea kuambiwa kazi yangu ina pepo. Nikafungua tovuti yangu kwa ndani. Sikuchukua muda. Juu kabisa, mstari wa mwanzo, pale ukurasa unapojitambulisha ni wa lugha gani, palikuwa na herufi mbili tu: en. Yaani ukurasa wangu wote wa Kiswahili, kuanzia karibu hadi mwisho, ulikuwa unasema mimi ni Mwingereza. Simu ya yule mwanamke ikauamini ikausoma kwa Kiingereza.

Sikuziandika mimi hizo herufi. Sisi watengenezaji wa huku wengi tunaanzia kwenye kiolezo, gamba lililo tayari ambalo limetengenezwa nje. Unaondoa maneno yao unaweka yako. Pale juu hakuna anayepagusa kwa sababu hapaonekani. Nikafungua na zile nyingine. Daktari wa meno Mwingereza. Ukumbi wa harusi Mwingereza. Hata tovuti ya madrasa moja niliyoifanya bure, nayo Mwingereza. Miaka yote hiyo mimi naitazama kazi yangu naiona ni ya Kiswahili, wateja wanaitazama wanaiona ni ya Kiswahili, na hakuna aliyejua, kwa sababu sote tulikuwa tunatazama.

Kwenye ile ya korosho nikafuta en nikaandika sw, yaani Kiswahili. Nikampigia.

"Fungua sasa."

Nikamsikia akigusagusa, kisha kwa mbali, kupitia simu yake hadi kwenye yangu, sauti ya kike ikasema vizuri, "Salfa imefika ghalani." Akacheka yule binamu hadi akakohoa.

"Mwenzangu karudiwa na akili. Hujambo, mume, kumbe unajua kazi."

"Wewe ulidhani unaongea na nani?"

"Nilidhani naongea na mzungu. Haya, kwaheri, ngoja nimsikilize mwenyewe."

Akakata. Chai ilikuwa haijachemka bado. Nilisimama na simu mkononi, nimefurahi kama mtu aliyeshinda, halafu furaha ikawa haina mahali pa kukaa. Ndiyo mara ya kwanza nikaona kazi hii inaelekea wapi. Kila nitakachokirekebisha kitampunguzia sababu ya kunipigia.

Lakini kesho yake alipiga, na nitasema ukweli, moyo ulitulia.

"Mwenzangu ananiambia picha ya wasap, halafu ananitajia namba ndefu kama ya injini ya gari. Nikisogea, picha ya wasap tena, namba nyingine. Nikisogea chini ananiambia bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Hapa wapi? Ana kidole huyu?"

Hilo la picha nililijua. Matangazo yote ya chama yanaandikwa kwenye karatasi, yanagongwa muhuri, katibu anayapiga picha kwa simu na kunitumia, mimi naibandika picha. Mwenye macho anasoma karatasi kwenye picha. Simu haioni karatasi, inaona jina la faili tu. Na yale "bonyeza hapa" ni mazoea yetu, tunayaweka kila mahali, kwa sababu mwenye macho anaona kilichoandikwa pembeni. Anayesikiliza anaruka kutoka kiungo hadi kiungo, pembeni hakumfikii.

Tuna kundi la watengenezaji kwenye simu, watu wa Dar, Pwani na Morogoro. Nikauliza humo: nani kati yenu anawafikiria wasioona anapofanya kazi? Majibu yalikuja.

Mmoja wa Mbezi akasema, kaka, mteja hajawahi kuniomba hilo, mteja anaomba ing'ae. Mwingine, msomi, akasema kuna miongozo yake, mirefu, ya Kiingereza, aliifanyia mtihani chuoni, na tangu aanze kazi hajaifungua kwa sababu bosi anataka kitu Ijumaa. Mwingine akasema akimaliza mradi mkubwa alionao ataliangalia, na ninamfahamu, mradi mkubwa anao siku zote. Dada mmoja akauliza, na sisi tukivunjika mkono tutashika mausi vipi? Halafu akaja mmoja akaandika: "Wasioona wana watu wa kuwasomea."

Huyo mtu wa kuwasomea alikuwa ni mimi. Na kuna sehemu ndani yangu ilitaka kumuunga mkono yule jamaa, iseme ndiyo, wana watu, na hao watu nao wanahitaji kupigiwa simu.

Badala yake nikarekodi ujumbe wa sauti mrefu, nikawaeleza kwamba mimi, darasa la saba, nimeshaanza kazi hiyo na wao wamelala. Alama za bluu zikaonekana, wamesikiliza. Mtu akaweka picha ya goli la jana.

Nikaamua kwenda Mzenga nione kwa macho yangu anavyoitumia hiyo simu. Nina gari langu, simtegemei mtu. Nikapita Mlandizi, nikakata kushoto kwenye barabara ya vumbi, nikafika kwake mchana akiwa amekaa barazani anamenya mihogo. Alinijua kwa namna nilivyofunga mlango wa gari.

"Mlango unaufunga kwa hasira kama unadaiwa. Karibu, mume. Umeleta nini?"

"Sukari na majani ya chai."

"Na macho?"

"Hayakuwepo dukani."

Akacheka. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akaiweka karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa kama bado inatembea. Mimi nikasogea nitazame kioo. Kioo kilikuwa cheusi.

"Simu imezima," nikamwambia.

"Haijazima. Nimezima mwanga. Mwanga wa nini mimi? Unakula chaji bure."

Kidole kikawa kinateleza juu ya kile cheusi, upande huu, upande ule, na sauti ikawa inatoka kwa kasi ambayo sikushika hata neno. Ilikuwa kama mvua juu ya bati. Nikamwambia apunguze.

"Hii ndiyo kasi yangu. Ukichelewa, utabaki."

"Inasema nini?"

"Inasema uko kwenye mikutano sasa. Sasa matangazo. Sasa ile picha yako ya wasap. Hee, mtaalamu mzima husikii?"

Alikuwa ndani ya tovuti yangu, anatembea humo vizuri kuliko mimi. Kijani changu cha jani changa kilikuwa chini ya kioo cheusi. Korosho zangu zilikuwa zinapita taratibu gizani. Mambo niliyoyahangaikia na kupigiwa makofi hayakuwemo kabisa katika nyumba aliyokuwa akiingia yeye, na nyumba hiyo mimi mjenzi sikuwa nimewahi kuingia. Nilijiona mgeni. Nilitamani kumwelezea ile rangi, nikaanza: "Pale juu nimeweka kijani..." Akasema, "Hongera," akaendelea kutelezesha kidole.

Alasiri tulikwenda naye ofisi ya chama, jirani na ghala, kuzungumza na katibu. Katibu ni mtu mzima mwenye utaratibu, shati limechomekewa, muhuri ameuweka kwenye mfuko wa suruali kwa sababu droo haina kufuli. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwomba matangazo yaandikwe kwa maneno, siyo picha ya karatasi.

"Na muhuri utaonekana wapi?"

"Maneno hayana muhuri, mzee."

"Basi hiyo ni porojo. Watu wa hapa wameshaletewa matangazo ya uongo, kijana. Mtu anaandika salfa ipo, watu wanatoka mbali na baiskeli, hawakuti kitu. Bila muhuri hawatoki."

Nikamwambia muhuri ubaki, picha ibaki, mimi nitaandika maneno yale yale chini yake. Akafikiri. "Na nani atahakikisha maneno ya chini ndiyo ya juu?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Binamu ndiye aliyejibu.

"Katibu, shika karatasi yako yenye muhuri. Huyu aandike. Simu isome kwa sauti, wewe fuata kwa kidole. Ikikosea, mpige kofi, ni mume wangu nakuruhusu."

Tukafanya hivyo. Niliandika tangazo la mkutano palepale kwenye kompyuta yangu, nikaliweka, akafungua simu yake akaipunguza kasi kwa ajili yetu. Simu ikasoma. Katibu akafuata kwa kidole, midomo ikitembea. Ghafla akainua mkono.

"Simamisha. Kasema Jumanne. Karatasi yangu inasema Jumatano."

Niliandika Jumanne. Binamu akaangua kicheko, na nje ya dirisha nako wakacheka, maana kulikuwa na wazee wawili watatu waliokuwa wamefuata mambo yao ghalani wakasogea kusikiliza. Mmoja akauliza kama simu inaweza kurudia lote tangu mwanzo. Wengine wao herufi hawazijui, nao walikuwa wakisubiri mtu wa kuwasomea kama alivyokuwa akisubiri binamu. Simu ikarudia. Katibu alifurahi mno kunikamata, na nadhani ile Jumanne yangu ndiyo iliyomshawishi kuliko maelezo yote. Tangu siku ile ukawa utaratibu: tangazo linaandikwa, simu ya katibu mwenyewe inalisoma kwa sauti pale ofisini, katibu kashika karatasi. Akiridhika ndiyo linawekwa. Nilimfundisha kuandika na kuweka mwenyewe. Anachapa kwa kidole kimoja lakini hakosei siku.

Zile "bonyeza hapa" niliziondoa zote nikaandika kila kimoja kinakokwenda: bei za mnada, ratiba ya salfa, kumbukumbu za mkutano. Kazi ilikuwa nzuri. Na asubuhi zangu zikaanza kuwa na mapengo. Leo anapiga, kesho hapigi. Akipiga ni kunitania tu, anauliza kama mto umezaa, halafu anasema, "Mwenzangu kashaniambia ya leo," na kukata.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, kile kindege cha karatasi.

Aliponifikia nacho ilikuwa maombi ya salfa yamefunguliwa. "Nimejaza jina," akasema, "nimejaza kitongoji, nimejaza mikorosho. Nikafika mwisho, mwenzangu ananiambia kitufe. Basi. Kitufe kisicho na jina. Ndicho chenyewe?"

"Ndicho. Gusa."

"Nitagusaje kitu nisichokijua jina? Kikiwa cha kufuta?"

"Si cha kufuta, nakuambia mimi."

"Wewe uko Tangini. Mimi niko peke yangu na kitufe."

Nikamwambia basi anitajie alivyojaza, nitamtumia mimi. Akanitajia, nikamjazia, nikagusa kindege. Tukaongea sana asubuhi ile. Alinieleza mkorosho gani umetoa maua na upi umeanza kuota unga mweupe wa ugonjwa, aliupapasa kwa vidole. Mimi nikamweleza habari za marumaru. Chai ilichemka ikakauka.

Kukipa kitufe jina ni kazi ya kumeza mate. Unaandika neno moja ndani, pale kwenye picha, umemaliza. Nilikaa nikakiangalia kile kindege, sikuandika kitu. Nilijiambia natafuta jina linalofaa.

Akapiga tena, alitaka kuongeza mikorosho ya upande wa bondeni. "Kitufe kimeshapewa jina?"

"Natafuta."

"Mtoto gani huyo hapati jina? Mwite babu yake."

"Nimefikiria 'Wasilisha'."

"Wasilisha? Nawasilisha nini mimi, niko bungeni? Mheshimiwa Spika, naomba kuwasilisha mikorosho yangu?"

"Ndiyo neno lenyewe, tovuti zote wanatumia hilo."

"Wanatumia wenye macho, hawalisikii. Mimi ndiye nitaambiwa kila siku. Andika tuma."

"Tuma peke yake fupi."

"Andika tuma ombi la salfa. Nijue natuma nini." Halafu sauti yake ikabadilika, utani ukatoka. "Juzi nilikupigia hukupatikana."

Nilikuwa Dar kwa mteja, simu imeishiwa chaji.

"Nilikaa na fomu imejaa tangu asubuhi. Mtoto wa jirani akaniambia lete nikusaidie, nikakataa. Nikimpa huyo, kesho kijiji kizima kinajua mikorosho yangu mingapi na ipi imeugua. Kila nikisomewa mtu anatangulia kujua mambo yangu. Hata wewe. Sisemi wewe mbaya. Kukupigia nitakupigia, wewe ni mume wangu. Lakini sitaki iwe kwa sababu ya salfa."

"Sawa," nikasema.

"Usiseme sawa kwa sauti hiyo. Andika."

Niliandika akiwa bado kwenye simu. Tuma ombi la salfa. Nikahifadhi. Nikamwambia afungue upya. Nikamsikia akitelezesha, na yule mwanamke wake akasema kwa adabu, "Tuma ombi la salfa. Kitufe." Akagusa mara mbili. "Ombi lako limepokelewa," akasema mwanamke. Binamu hakucheka safari hii. Alivuta pumzi tu akasema, "Ahsante, baba," neno ambalo hajawahi kuniita, kwa sababu watani hawaitani hivyo, kisha akasema ana wapuliziaji wanamsubiri shambani.

Mambo yanayotumwa kwa fomu ile yalikuwa yanakwenda kwa katibu, na nakala inakuja kwangu. Niliweka hivyo nilipokuwa najenga, nijue kama inafanya kazi, nikasahau kuiondoa. Ile asubuhi nakala ikaingia. Ndugu Katibu, mimi mwanachama wako wa Mzenga, naomba kuongezewa salfa kwa ajili ya mikorosho ya bondeni ambayo imeanza kuugua. Kulikuwa na sehemu ya maoni, nikashuka nayo haraka nikitarajia kukuta tusi langu. Ilikuwa tupu. Alikuwa anamwandikia katibu, hakuwa ananiandikia mimi. Nikaisoma mara ya pili, nikaona nafanya lile lile la mtoto wa jirani. Nikaingia ndani nikaifuta anwani yangu, nakala zisije tena.

Asubuhi iliyofuata nilichemsha chai ikachemka. Na iliyofuata. Msimu wa kupuliza ni msimu wa kazi, nililijua hilo, nikajizuia. Nilipochoka kujizuia nilipiga mimi. Iliita sana. Akapokea na nyuma yake mashine ya kupulizia inanguruma.

"Mume, kuna nini?"

"Hamna. Nilitaka kujua kama tovuti inasoma."

"Inasoma. Mwenzangu hana tatizo. Huku tunapuliza, upepo umetulia, siwezi kukaa na simu." Akamfokea mtu kwamba mkorosho ule wa pembeni umerukwa, halafu akarudi. "Njoo Jumapili basi. Njoo ule, upumzike. Wewe huji mpaka kiharibike kitu."

Ningeweza kusema nakuja. Lilikuwa neno dogo. Lakini nimezoea kuwa mtu anayehitajika, na mtu anayehitajika hana Jumapili.

"Jumapili nina kazi nyingi," nikasema. "Wateja wananisumbua."

"Haya, mtaalamu. Kazi njema." Mashine ikameza sauti yake, na simu ikakatika.

Jumapili sikuwa na kazi yoyote. Kwa kuwa nilishasema ninayo, nikaitafuta. Nilifungua tovuti za wateja wangu, moja baada ya nyingine, nikawa napanda juu kabisa kufuta en na kuandika sw. Shule, kiwanda cha matofali, daktari wa meno, madrasa. Hakuna aliyeniomba na hakuna atakayejua, isipokuwa mtu fulani mahali fulani mwenye kioo cheusi ambaye hatanipigia kusema. Adhana ya alasiri ilinikuta kwenye ukumbi wa harusi. Huko nako nilikuwa nimeweka kitufe chenye picha ya mkonga wa simu, hakina jina. Niliandika "Wasiliana nasi", nikalitamka kwa sauti mle chumbani nisikie linavyokaa. Likakaa vibaya. Nikafuta, nikaandika "Piga simu ukumbini", nikalitamka hilo nalo, nikasubiri kidogo, kisha nikahifadhi.